Alichobeba Baba Yake Kalunde

Nilikuwa nimeinama sokoni Majimoto, nachambua dagaa, niliposikia mtu anasoma kwa sauti yangu.

Sikuitambua mara moja. Sauti ya mtu ikitoka nje ya kifua chake huwa ngeni, nyembamba kidogo, kama gauni lako uliloliona limevaliwa na mwingine. Ilikuwa inatoka ndani ya beseni la bati, katikati ya magunia ya mchele, na ilikuwa inasema: "Kalunde akajifunga kanga kiunoni, akapita nyuma ya zizi, ambako mbwa walimjua." Mwenye beseni alikuwa mama wa Kisukuma, mrefu, ametupa shuka ya bluu begani. Alikuwa ameshika kopo la kupimia mchele lakini hapimi. Wateja wake nao walisimama mifuko wazi, hakuna anayedai.

"Samahani mama," nikasema, "hiyo simu..."

Akaninyooshea kiganja bila kunitazama.

"Subiri, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. " Hapa anatoroka."

Nikasubiri. Nilijua vizuri kwamba Kalunde angefika kwenye reli salama, maana ni mimi niliyemfikisha, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha maktaba kule Mpanda, mlango nimeufunga ili honi za bodaboda zisiingie. Hata hivyo nilisimama pale na dagaa zangu mkononi, kana kwamba safari hii mbwa wangeweza kubweka.

Sauti ilipokoma, nikapumua. "Hawakubweka," nikasema.

Yule mama akageuka taratibu. Alinitazama mdomo, si macho.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Naitwa Verdiana. Mimi ndiye mkutubi wa Mpanda."

Akaweka kopo chini. "Kumbe una mwili," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na Nyanzala. Alinipa kigoda chake nikalie, akawaita wenzake wa magunia ya jirani waje wanione, na mmoja wao akanigusa mkono kwa kidole, kwa adabu, kama mtu anayepima kama ugali umepoa. Nilikuwa nimekwenda Majimoto kumtazama mdogo wangu aliyekuwa amejifungua. Nikafika kwake jioni, dagaa zimechelewa, nimebeba mchele ambao sikuuomba. Nyanzala aliniuliza swali moja tu kabla hatujaagana, lile ambalo baadaye ningeulizwa hadi nichoke.

"Huko stesheni anapanda treni, au anarudishwa?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua. Nilikuwa nimejizuia kusoma mbele, ili wote tufike mwisho pamoja.

*

Sasa nirudi nyuma, kabla sauti yangu haijapata miguu.

Maktaba yetu haikuwa ya serikali wala ya shule. Wazazi wa mtaa waliianzisha zamani, wakachangishana vitabu, wakaijengea chumba kimoja kikubwa chenye madirisha ya nondo, na kamati ikaniajiri mimi kukilinda. Kwa miaka mingi kilijaa. Halafu kidogo kidogo watoto wakaacha kuja, na wakubwa wakaja kuchaji simu tu. Zilikuwapo siku ambazo mgeni wangu pekee alikuwa kuku wa jirani, aliyependa kivuli cha rafu ya kilimo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Josephat, mwenye nyumba ya wageni barabara ya stesheni, mtu mpole mwenye hesabu kali. Alikuja akasimama katikati ya chumba, akapiga makofi mara moja kusikiliza mwangwi.

"Mama Mercy," akasema, "chumba kinalia."

"Kinalia nini, mwenyekiti?"

"Upweke. Mimi nimefikiria banda umiza. Tunafunga skrini kubwa ukutani hapo, vijana wanakuja kuangalia mpira, kamati inapata uhai. Vitabu tutavipa shule. Ligi ikianza, na sisi tuanze."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza; angekuwa na ubaya ningemkasirikia. Nikamwomba aniachie mpaka ligi ianze. Akanikubalia, akamfukuza kuku, akaondoka.

Binti yangu Mercy, anayefanya kazi Dodoma, alikuwa amenitumia simu ya tachi ambayo nilikuwa naitumia kama saa. Wakati uleule nikaitwa Tabora kwenye semina ya wakutubi kuhusu mitandao. Mwezeshaji akatuambia, "Maktaba ya leo haina kuta." Nikaiandika sentensi hiyo, nikajisemea moyoni kwamba yetu kuta inazo, na mmoja una ufa.

Nikarudi Mpanda nina homa ya mtandao. Nilianzisha blogu, msomaji wake mwaminifu alikuwa mimi mwenyewe, na kila nilipoifungua kuangalia kama kuna aliyesoma, ikahesabu kwamba nimesoma. Nikafungua ukurasa wa Facebook. Wa kwanza kuweka maoni alikuwa muuza dawa ya kuotesha nywele. Nikajirekodi video ya TikTok nikiwatambulisha watu kwa vitabu vya historia, kwa ufasaha ambao hata leo naamini ulikuwa mkubwa, nikaja kugundua kwamba video nzima inaonyesha shingo yangu na kifungo cha juu cha blauzi. Wiki nzima vijana wa kijiwe cha bodaboda walinisalimia, "Shikamoo mama kifungo." Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Kazi niliyoipenda ilikuwa kuingiza vitabu kwenye katalogi ya mtandaoni. Rafu kwa rafu, niliandika jina la kitabu, mwandishi na mwaka, na ilikuwa kama kuwaita watoto kwa majina baada ya kuwasahau. Kimoja tu kilinishinda. Kilikuwa riwaya nyembamba ya Kiswahili, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai, haina jalada, haina ukurasa wa jina. Mahali pa mwandishi nikaacha wazi.

Mwisho nikaunda grupu la WhatsApp. Nilituma orodha za vitabu. Watu walinijibu kwa picha za maua zenye "asubuhi njema," na kila orodha ilipotoka, mtu alijiondoa. Simu ilinitajia jina la kila aliyeondoka, bila hata kuona aibu.

Aliyeniokoa alikuwa Joséline, mkulima wa tumbaku wa Katumba, mtoto wa wazazi waliokimbia Burundi. Alijiunga na maktaba akiwa bado shuleni na hakuwahi kuisahau. Siku hiyo hakuandika. Alituma sauti, na nyuma yake yalisikika majani yanachakarika.

"Mama, hivyo vitabu ni vizuri. Ila nyie mnaotuma orodha mna mikono mitupu. Ya kwangu imejaa tumbaku tangu asubuhi. Si usome wewe, sisi tusikie?"

Nilikaa na ujumbe ule kama mtu aliyeishi chumbani miaka yote, akaulizwa leo kwa nini hajawahi kufungua dirisha.

Nikachukua kile kitabu kisicho na jina, kwa sababu kilikuwa chembamba na kilikuwa karibu. Chumba kilikuwa na mwangwi, basi nikajifunika kanga pamoja na simu. Aliyenichungulia dirishani angedhani najifukiza. Nikabonyeza, nikasoma.

*

Kilikuwa kitabu cha msichana anayeitwa Kalunde, binti wa mrina asali aliyeishi kando ya reli. Baba yake alimwahidi kwa tajiri wa ng'ombe. Kalunde hakuwa na mpenzi wa kutoroka naye, na hapo ndipo kitabu kilipotushika: alichotaka ni kushona. Marehemu shangazi yake alimwachia cherehani cha mkono na akamfundisha, na katika stesheni moja ya mbali alikuwapo fundi aliyeahidi kumpokea. Basi. Msichana, sindano, na treni.

Nilisoma kipande kimoja kila siku baada ya kufunga mlango, jua likiwa bado linapiga kwenye nondo. Mwanzoni ulimi ulijikwaa. Halafu nikazoea, nikawa na sauti ya baba, sauti ya tajiri, sauti ya mbuzi. Grupu likajaa, nikafungua la pili. Sikujua watu wanatoka wapi. Amosi, mrina asali wa Inyonga, aliniandikia kwamba hupanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, anapakua kipande, kisha anaingia nacho porini kwenye kambi ya warina wenzake. Na kwamba wamemkosoa mwandishi mahali pamoja kuhusu moshi wa mzinga, lakini wamemsamehe. Fundi mmoja wa pikipiki wa mjini aliacha mteja anasubiri mpaka Kalunde avuke mto. Josephat peke yake ndiye aliyekutana nami barabarani na kusema, "Bado unapoteza bando, Mama Mercy?" Nikamjibu kwamba bando ni la binti yangu.

Kisha ikafika siku ya stesheni.

Nilikuwa chini ya kanga, jasho linanitiririka. Nilisoma: "Gari moshi likapiga honi. Kalunde akaweka mguu kwenye kipandio. Nyuma yake akasikia jina lake, akageuka. Baba yake alikuwa anakuja mbio kando ya reli, anahema, amekumbatia kitu kizito kilichofunikwa kwa shuka. Akakifunua, na Kalunde akaona..."

Nikafunua ukurasa. Kulikuwa na uzi, na kingo za karatasi zilizochanwa.

"Hamna," nikasema, na kidole kikaachia simu, na sauti ikaenda.

Kwa muda mfupi watu walidhani ni sehemu ya kitabu. *Kalunde akaona hamna.* Mmoja aliandika kwamba ni mwisho mzito, unahitaji kutafakariwa. Joséline ndiye aliyeuliza, "Mama, hamna nini?" Nikapiga picha ile karatasi iliyochanika, nikaituma.

Sijawahi kuona ghasia tamu kama ile. Amebeba nini? Amosi na kambi yake walisema asali, kwa sababu mrina asali hana kingine cha kubeba. Wanawake wa Majimoto walisema ni mtoto. Mtoto wa nani hawakujua, lakini kitu kizito ndani ya shuka ni mtoto. Nyanzala akatuma sauti ya kuwanyamazisha wote: "Mtoto hakimbizwi juani. Huyo mzee kabeba jiwe la kusagia la mama yake Kalunde, ili binti akumbuke nyumbani." Wakaibuka waliosema ni mahari anairudisha, na waliosema ni mahari anaionyesha, na hao wawili wakagombana zaidi kuliko wote.

Katikati ya mvutano huo akaingia mtu aliyejiita Mtu wa Watu, ambaye tangu mwanzo hakuwahi kusema neno. Alituma sauti. Tukasikia koo linasafishwa.

"Ndugu wajumbe," sauti ikasema, "kwa maoni yangu mzee yule amebeba panga, na tusidanganyane."

Watu wakaitambua sauti. Kisha mtu mmoja akaandika, "Shikamoo mwenyekiti."

Kesho yake Josephat alikuja maktaba, akasimama mlangoni akizungusha kofia yake mikononi.

"Kitabu kisicho na mwisho ni deni la moyo," akasema. "Umewaingiza watu stesheni ukawaacha huko. Na ligi inaanza mwezi ujao."

Sijui nini kilinipa ujasiri. Labda ni ile kofia inayozunguka.

"Mwenyekiti, mwisho nitauleta. Na siutumi kwenye simu. Nitausoma humu ndani, Jumamosi ya kabla ya ligi, anayeutaka aje. Chumba kisipojaa, fungeni skrini."

Akatazama ukuta wake wa skrini muda mrefu. "Na kama ni panga?" akauliza.

"Basi ni panga."

Alipoondoka, nikakaa chini. Nilikuwa nimeahidi kitu nisichokuwa nacho, kwa watu ambao wengi wao sikuwahi kuona nyuso zao.

*

Hapo ndipo nilipojifunza mtandao kweli. Mwanzo nilikuwa nauchezea kama mgeni anayeshikashika vyombo vya mwenye nyumba. Sasa nilikuwa na shida, na shida ni mwalimu hodari. Niliandika kwenye kundi la wakutubi wa nchi nzima. Bukoba wakanijibu, Songea wakanijibu, wote hawana. Nikaweka picha za kurasa kwenye kundi la wapenda vitabu vya kale. Ule ukurasa wangu wa Facebook, ambao muuza dawa ya nywele alikuwa ameugeuza shamba lake, nikaupalilia, nikaweka hapo kipande cha sauti cha Kalunde akitoroka zizini, na chini yake nikauliza: *Nani aliandika haya?* Nikawaomba watu wa grupu wakisambaze. Wakakisambaza kama watu wanaotafuta mbuzi aliyepotea, kila mmoja kwa majirani zake, na majirani kwa majirani.

Miisho ikaanza kumiminika. Mtu wa Mbeya alisema Kalunde anaamka, kumbe ilikuwa ndoto. Mwingine akasema baba amebeba bendera. Niliisoma yote na kuiweka kando. Kila mmoja ulikuwa na lugha yake, na hakuna uliokuwa na lugha ya kitabu. Jumamosi ilikuwa inakaribia, na usingizi ukaanza kunikwepa.

Kisha ukaja ujumbe wa mwanamke nisiyemjua, Jeniffer, nesi wa Sumbawanga. Aliandika hivi: *Dada, nilikuwa napika huku nasikiliza sauti yako. Bibi yangu yuko sebuleni. Anamalizia sentensi kabla wewe hujazimaliza. Nimemuuliza umezijuaje, amesema niangalie ugali usiungue.*

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

Tulipiga simu ya video mchana wa siku iliyofuata. Kwanza nikaona dari, halafu sikio, halafu bibi kizee mwenye nywele fupi nyeupe na sweta ya kijani, amekaa wima kama mtu anayesubiri wanafunzi watulie.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesoma?"

"Ndiyo, bibi."

"Usiku Jeniffer kanisikilizisha vipande vyote ulivyomtumia. Sura ya harusi unaikimbiza. Pale mama mtu anaposuka nywele za binti, pale ni pa kwenda taratibu. Kusuka hakukimbizwi."

Nikaomba radhi. Nilifurahi na kuogopa, maana mtu anayekukosoa hivyo hawezi kuwa tapeli.

Jina lake lilikuwa Monika. Alipokuwa mwalimu kijana alipangiwa shule ndogo kando ya reli, na jioni, kwa sababu hakuwa na mwenzake wa kuzungumza naye, akamtunga Kalunde. Kikachapishwa na kampuni ndogo ambayo ilifungwa muda si mrefu. Nakala zikatawanyika. Yake mwenyewe iliteketea pamoja na nyumba, na tangu hapo hakuwa amesikia mtu yeyote akilitaja jina la Kalunde, mpaka siku ile lilipotoka jikoni pamoja na harufu ya ugali.

"Nani alikuruhusu kukisoma?" akauliza.

"Hakuna, bibi. Sikujua wa kumwomba."

"Nauliza tu. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniomba, nilitaka kusikia inavyosikika."

"Basi naomba, bibi."

Akafumba macho kidogo. "Soma," akasema.

Nikamweleza ule ukurasa uliochanwa, nikamsihi aniambie anaukumbuka vipi mwisho. Akacheka, kicheko kikavu cha mwalimu.

"Aliyeuchana alikuwa na akili. Mwisho ule haukuwa wangu."

Mhariri wa ile kampuni, akanieleza, alisema wasichana wakisoma hivi watawakimbia wazazi wao wote. Basi akaandika kwa mkono wake: baba anafunua shuka, kuna fimbo ya ukoo, Kalunde anapiga magoti, analia, anarudi kuolewa. Monika alikiona kitabu kikiwa tayari kimechapwa. Alikuwa kijana, peke yake, shule iko porini. Hakusema kitu.

"Na wewe uliandika nini, bibi?"

Akasogeza uso karibu na simu mpaka nikaona jicho moja tu.

"Kutoka hapa mpaka Mpanda," akasema, "siku hizi basi linachukua muda gani?"

*

Jumamosi ile nilifungua mlango mapema, nikafagia mara mbili, nikapanga viti vyote tulivyokuwa navyo, nikaviona vichache, halafu nikaviona vingi mno. Nikatoka nje. Nikaingia. Yule kuku akaja, nikamwacha akae. Angalau angekuwa mtu wa kwanza.

Wa kwanza, kumbe, alikuwa Joséline, kwa baiskeli kutoka Katumba na wenzake wa kijijini. Tulikuwa hatujawahi kuonana ana kwa ana tangu akiwa msichana wa shule. Alinishika mikono yote miwili, na ya kwake ilikuwa na rangi ya tumbaku kwenye kucha. Kisha zikaja pikipiki za Majimoto, vumbi limewapaka abiria unga mwekundu. Nyanzala alishuka, akajikung'uta, akatazama jengo kuanzia msingi mpaka bati. "Ndiyo hapa unapojifunika?" akauliza. Amosi na warina wawili wakafika na basi la Inyonga, wamebeba ndoo ya asali, kama ushahidi wa hoja yao. Wakaja mafundi, wauza mkaa, masista wawili, walimu, watu nisiowajua waliokuwa wananisalimia kama dada yao, na kila nilipojibu niliona wanaitambua sauti, wanatabasamu.

Viti vikaisha. Hapo Josephat akatokea na toroli lililopakiwa mabenchi. Yalikuwa mapya, yananukia mbao. Aliyachongesha kwa ajili ya banda umiza. Akayashusha mwenyewe, akayapanga. Yakajaa nayo. Watu wakakaa madirishani na wengine wakashika nondo kwa nje.

Monika alipoingia, ameshikwa mkono na Jeniffer, hakuna aliyemjua. Nikasimama mbele, nikajaribu kumtambulisha vizuri kama nilivyojiandaa, nikashindwa. Nikasema tu, "Huyu ndiye aliyemzaa Kalunde."

Chumba kilisimama. Hawakupiga makofi; walisimama tu, wote kwa pamoja, kama watoto wa shule mwalimu anapoingia. Yule bibi akabaki ameduwaa mlangoni. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika mpaka madirishani, "Kaeni," nao wakakaa.

Alinitaka mimi nisome mpaka pale kitabu kilipokatikia. Nikasoma, safari hii bila kanga. Nilipofika kwenye shuka, nikamwachia.

Monika hakuwa na karatasi.

"Akakifunua," akasema taratibu, "na Kalunde akaona cherehani chake. Alikuwa amekiacha nyumbani, kwa sababu kilikuwa kizito na usiku ule alihitaji kukimbia. Baba alikuwa amekibeba tangu nyumbani mpaka reli. Alikiweka kwenye kipandio cha behewa, akakisukuma ndani kwa mikono miwili. Hakuwa na pumzi ya hotuba. Akasema, 'Huko ungeshona na nini?' Treni ikaondoka."

Nikasikia mtu anapenga kamasi kwa nguvu katika benchi la mbele. Alikuwa Josephat.

"Siyo panga," akasema, bila kumwambia mtu yeyote. Akarudia. "Siyo panga."

Hapo kicheko kikapasuka, na machozi ndani yake, na watu wakaanza kupeana mikono kana kwamba harusi imekubaliwa. Amosi alisimama akatangaza kwamba asali haijashinda lakini imekuja, basi iliwe. Tukala asali kwa vijiti, kwa mikate, kwa vidole. Mtu akaniuliza kitabu kijacho ni kipi. Mwingine akaniuliza kadi ya uanachama inapatikanaje, na nyuma yake akapanga foleni mwingine. Banda umiza baadaye lilijengwa uani kwa Josephat, na siku za mechi kubwa yeye mwenyewe huja kuazima mabenchi yake mwenyewe, na huyarudisha.

Tukiwa bado tunalamba vidole, Nyanzala aliinuka. Hakunyoosha mkono, alisubiri tu mpaka watu wakamwona.

"Bibi," akasema, "baba nimemwelewa. Ila mama yake Kalunde. Yule aliyemsuka nywele. Asubuhi ile amebaki na nani?"

Monika alimtazama yule mama wa Majimoto kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu aliyemsahau.

"Sijui," akasema. "Mwanangu, sijui kabisa."

*

Monika alilala kwangu siku chache, akarudi Sumbawanga. Nilimwongeza kwenye grupu, na Jeniffer akaniambia hana habari nalo, simu ameiweka kabatini pamoja na vikombe. Mvua zikaanza. Nikawa nasoma kitabu kingine, na mchana watu wakawa wanakuja kukaa kwenye mabenchi kusikiliza pamoja, wengine na watoto, wengine na maharage ya kuchambua.

Siku moja nilikuwa nimefunga kitabu, mvua inapiga bati, watu hawawezi kutoka. Joséline alikuwa pale kwa shughuli za mjini. Simu yangu ilikuwa mezani, iko wazi kwenye grupu, na hakuna aliyekuwa akiandika.

"Mama," Joséline akasema, "tazama."

Juu ya kioo, pale jina la grupu linapokaa, yalikuwa yametokea maneno madogo: *Monika anarekodi sauti.*

Nikakumbuka swali la Nyanzala, nikainua mkono, na chumba kikanyamaza. Nikaongeza sauti ya simu mpaka mwisho, nikaiweka katikati ya meza. Watu wakasogeza mabenchi. Maneno yale yakaendelea kukaa pale, hayaondoki, na mvua ikaendelea, na hakuna aliyetaka kwenda popote.